Kitabu cha Utumbo Kilichosomwa Katoro

Mtaani kwetu mtu akisema jambo lisilo na kichwa wala miguu tunamwambia anaongea utumbo. Kwa hiyo mdogo wangu aliponikuta nasoma kitabu chenye mchoro wa matumbo kila baada ya kurasa chache, aliuliza swali ambalo sidhani kama kuna mhakiki wa Ulaya aliyejiuliza: "Dada, huo ni utumbo kweli, au ni utumbo?"

Kitabu chenyewe ni cha Giulia Enders, Mjerumani aliyekiandika akiwa bado mwanafunzi wa udaktari. Kilitoka mwaka 2014 kikiitwa Darm mit Charme, na mwaka uliofuata kikatoka kwa Kiingereza kwa jina fupi tu, Gut. Michoro ni ya dada yake, Jill. Kimeuzwa kwa mamilioni, kikatafsiriwa katika lugha nyingi, na nakala yangu niliipata Mwanza kwa muuza vitabu vya mitumba, ikiwa na doa la chai kwenye jalada.

Nilikisoma kwa sababu mdogo wangu alikuwa halali.

Ilikuwa miezi minne hajapata usingizi wa maana. Anafanya kazi ya usiku kwenye karasha moja nje ya Katoro, upande wa kwenda Rwamgasa. Anaingia saa moja jioni, anatoka saa moja asubuhi, na mawe ya dhahabu yanasagwa usiku kucha kwa kelele ambazo ukisimama karibu unazisikia kifuani kuliko masikioni. Asubuhi analala kwa mang'amung'amu hadi saa nne, kisha anakodoa macho hadi jua lishuke. Alipungua. Alianza kuwa mkali kwa mama, jambo ambalo kwetu halikuwepo. Tumbo likawa linajaa gesi na kuunguza. Akienda kulalamika, jibu lilikuwa lilelile kwa kila aliyemuuliza: vidonda vya tumbo.

Kwa msomaji asiyeijua Geita: huu ni mkoa tangu 2012, na jina lake nje ya nchi limebebwa na mgodi mkubwa ulioanza uzalishaji mwaka 2000. Ila wengi tunaowafahamu hawapo ndani ya uzio ule. Wapo kwenye maduara na mialo ya Nyarugusu, Mgusu, Rwamgasa, na kwenye makarasha kama hili la mdogo wangu. Mama yangu ni mama ntilie. Anawapikia watu hao. Mimi ndiye niliyesoma, na kwa familia nyingi za huku maana yake ni kwamba mtu akiumwa wewe ndiye unayetumwa ukatafute kwenye vitabu.

Niseme kwanza kitabu kinafaulu wapi, kwa sababu kinafaulu. Enders anaanza chooni. Anaeleza kwamba mwenzake waliyekuwa wanaishi naye alimfuata jikoni akamuuliza haja kubwa inatokaje, wewe si unasoma udaktari? Naye badala ya kucheka akaenda kutafuta jibu. Jibu, kwa ufupi, ni kwamba kuna msuli unaozunguka njia ya haja kama kitanzi na kuikunja, na kwamba ukichuchumaa kitanzi kinalegea na njia inanyooka, lakini ukikaa kwenye choo cha kukalia inabaki na kona. Amelieleza hilo kwa uchangamfu na bila aibu, na nadhani hapo ndipo watu milioni kadhaa walipompenda. Nilimwonyesha mama mchoro. Akaufuta doa la unga, akautazama kwa muda, akasema, "Kwa hiyo wamekaa miaka yote hiyo wakajua kwamba choo chetu ni kizuri?"

Hilo si jambo dogo. Ni mara ngapi kijana wa Geita anasoma kitabu cha afya kilichotoka mbali na kukuta kwamba jambo analofanya bibi yake ndilo sahihi? Na si mara ya kwanza tumbo la Afrika Mashariki kufundisha wengine. Denis Burkitt, daktari wa upasuaji aliyefanya kazi Mulago, Kampala, alirudi Uingereza katika miaka ya 1960 na hoja moja aliyoihubiri hadi uzeeni: kwamba watu wa huku wanaokula vyakula vyenye nyuzinyuzi nyingi hupata choo kikubwa na laini, na hawasumbuliwi na orodha ndefu ya magonjwa ya utumbo yaliyojaza wodi za nchi yake. Mwenzake Hugh Trowell, aliyetibu watu Kenya na Uganda kwa miaka mingi, alikuwa na hoja hiyohiyo. Watu hawa wawili walitazama mavi ya wakulima wa Uganda kwa heshima kuliko serikali nyingi zilivyowatazama wakulima wenyewe.

Sehemu ya pili ya kitabu ndiyo iliyonipeleka kwa mdogo wangu. Humo Enders anasema utumbo una mtandao wake wa neva, mkubwa kiasi kwamba wataalamu wameuita ubongo wa pili, na kwamba kuna neva moja ndefu, vagasi, inayopeleka habari kati ya tumbo na kichwa. Kiswahili hakikuhitaji kungoja. Magazeti yetu yanaandika kwamba vigogo wako matumbo joto wakimaanisha wana hofu. Maneno mabaya hukata maini. Mtu asiyesamehe ana kinyongo, na ndani ya kinyongo kuna nyongo. Wazee waliotupa maneno haya hawakuwa na darubini, lakini walijua wasiwasi unaanzia wapi.

Shida inaanza pale picha hii inapogeuzwa kuwa dawa. Enders mwenyewe ni mwangalifu, na nataka kumtendea haki: akieleza jaribio la panya anasema ni la panya. Lile maarufu lilifanywa na kundi la watafiti wakiwemo wa Cork, Ireland, likachapishwa 2011. Panya waliolishwa aina moja ya bakteria walionekana kuwa na wasiwasi mdogo, wakatupwa majini wakapambana zaidi, na neva ya vagasi ilipokatwa faida yote ikapotea. Jaribio zuri mno, ukilisoma unataka kukimbia dukani. Kitabu kilipokwisha kutoka, mwaka 2017, watafiti wa Cork waliwapa wanaume 29 wenye afya bakteria yuleyule. Hawakuona tofauti na waliopewa kidonge kisicho na kitu. Wauza dawa wanaozunguka kwenye simu ya mdogo wangu hawajafika ukurasa huo.

Wao wamefika kwenye takwimu moja tu na wanaipenda: kwamba zaidi ya asilimia 90 ya serotonini ya mwili hutengenezwa tumboni, na serotonini ndiyo furaha, kwa hiyo nunua unga huu usafishe utumbo ulale kama mtoto. Nusu ya kwanza ni kweli. Wasichokisema ni kwamba serotonini ya tumboni haivuki kizuizi kilichopo kati ya damu na ubongo. Ile ya kichwani hutengenezwa hukohuko kichwani. Tumbo linaathiri akili, ndiyo, kwa njia za neva, za kinga ya mwili, za malighafi zinazotokana na chakula. Lakini si kama bomba la furaha linalozibuliwa kwa unga wa elfu kumi na tano. Mdogo wangu alikuwa amenunua makopo mawili kabla sijajua.

Na alikuwa amekunywa dawa za vidonda vya tumbo pia, alizopewa kwenye duka moja bila kupimwa. Hapa sura ya Enders kuhusu Helicobacter ingemfaa kuliko makopo yale. Bakteria huyo anakaa kwenye matumbo ya takribani nusu ya wanadamu, wengi wao bila kuwasumbua, na ndiye chanzo kikubwa cha vidonda. Barry Marshall, daktari wa Australia, alichoshwa na wenzake waliosema vidonda vinaletwa na mawazo, akakoroga bakteria hao akawanywa mwaka 1984 ili aumwe mbele yao. Mwaka 2005 yeye na Robin Warren walipewa tuzo ya Nobel. Ninachokipenda katika kisa hiki ni kwamba kinakwenda kinyume na kitabu kingine chote: hapa watu walisema tatizo ni la kichwa, kumbe lilikuwa la tumbo, na lina kipimo. Tulimpeleka mdogo wangu akapimwa choo. Hakuwa na Helicobacter.

Basi nikafanya alichofanya kila msomaji wa vitabu vya namna hii. Nikaandika orodha. Maziwa mgando. Maharage. Mboga za majani kila siku. Matunda. Usile chipsi usiku. Usinywe vinywaji vya kuongeza nguvu baada ya saa sita. Niliongeza na ya Matthew Walker, mwandishi wa Why We Sleep cha 2017, kitabu ambacho sikipendi lakini ambacho kiko sahihi kwamba kafeini hukaa mwilini kwa saa nyingi kuliko tunavyodhani. (Sikipendi kwa sababu kinatisha. Mwaka 2019 Alexey Guzey aliandika insha ndefu akipekua sura ya kwanza tu na kuonyesha madai yanayozidi ushahidi. Mtu asiyelala ukimwambia kutolala kutamuua, umemnyima hata ule usingizi wa mang'amung'amu.)

Mdogo wangu aliisoma orodha yangu amesimama. Kisha akauliza, "Dada, hivi hiki kitabu kimeandikwa kwa ajili ya mtu anayelala saa ngapi?"

Swali hilo ndilo uhakiki wangu wote, na sijaweza kuliandika vizuri kuliko alivyolisema. Enders anazungumza na msomaji kama rafiki, na rafiki huyo ana friji. Ana jiko la peke yake. Akiamua kubadili kifungua kinywa, kifungua kinywa kinabadilika. Mshale katika kitabu unakwenda upande mmoja: chagua chakula, chakula kitulize tumbo, tumbo litulize akili, akili ilale. Katoro mshale unaanzia kwingine. Kazi inachagua saa za kulala, saa za kulala zinachagua chakula, kwa sababu saa nane usiku kwenye karasha kinachopatikana ni chipsi, chapati na chupa ya kuongeza nguvu. Na deni linachagua kazi. Mdogo wangu alikuwa amekopa ili aingie ubia kwenye duara ambalo halikutoa kitu. Hakuna bakteria wa deni.

Nilijaribu kuwatafuta waliofanya utafiti kwa watu wa usiku, si kwa rafiki mwenye friji. Mwaka 2022 kundi la watafiti wa Boston lilichapisha jaribio dogo la watu 19 walioigizishwa kazi ya usiku maabara. Waliokula mchana na usiku hali yao ya huzuni ilipanda kwa robo hivi, na wasiwasi pia ukapanda. Waliofanya zamu zilezile za usiku lakini wakala mchana tu hawakuonyesha kupanda huko. Chakula kilikuwa kilekile. Kilichotofautiana ni saa. Watu 19 ni wachache, na maabara si karasha. Lakini ni utafiti wa kwanza niliousoma ambao haukumwambia mdogo wangu aache kazi wala anunue kitu.

Kuna na ule wa nyumbani. Mwaka 2025 watafiti wa Moshi pamoja na wa Radboud, Uholanzi, walichapisha matokeo ya vijana 77 wa kaskazini mwa Tanzania. Waliozoea vyakula vya asili vya kijijini walihamishiwa chakula cha kizungu kwa wiki mbili, wa mjini wakapelekwa upande wa pili, na kundi la tatu likanywa mbege kwa wiki moja. Wiki mbili tu za chakula cha kizungu zilitosha kuamsha dalili za uvimbe ndani ya damu, na baadhi ya mabadiliko yalikuwepo bado mwezi mmoja baadaye. Utafiti ule ulihusu kinga ya mwili, si usingizi, na sitauvuta ufike nisipoona. Lakini ulinirudisha jikoni kwa mama nikiwa na macho mengine. Michembe. Matobolwa. Udaga, ule muhogo unaorundikwa na kufunikwa hadi uote ukungu, ukakwanguliwa na kuanikwa. Mgando. Mlenda. Dagaa wa ziwani. Nilikuwa nimeandika "maziwa mgando" kwenye orodha yangu kama mtu aliyegundua kitu, wakati kibuyu kilikuwa kimening'inia juu ya kichwa changu.

Mama hakusoma utafiti wowote. Alisikiliza tu nilivyomweleza lile la saa, akafanya hesabu zake, akaanza kuivisha ugali saa kumi na moja jioni badala ya saa mbili. Mdogo wangu akawa anakula anashiba kabla ya kuingia zamu, na usiku anabeba michembe na karanga kwa ajili ya njaa ikimzidi tu. Sasa anaamka saa kumi jioni na kunisalimia "mwangaluka", salamu ya asubuhi ya Wasukuma, kwa sababu kwake ndiyo asubuhi. Baada ya wiki tatu gesi ilipungua. Ukali ulipungua kiasi. Usingizi ulisogea kutoka saa nne hadi kama saa tano na nusu. Ningeweza kumaliza makala hapa na mngekuwa mmesoma makala nzuri ya chakula na akili.

Lakini mikono yake ilikuwa inatetemeka.

Niliiona siku aliponishikia kikombe. Nikamuuliza analala wapi akiwa hajarudi nyumbani, maana siku nyingine alikuwa anabaki hukohuko. Akasema kwenye kibanda nyuma ya mwalo. Na kwenye kibanda hicho, pembeni ya godoro, ndipo wanapochomea dhahabu iliyokamatwa kwa zebaki, kwenye sufuria, juu ya mkaa, mlango ukiwa umefungwa ili upepo usipeperushe moto.

Moshi wa zebaki huingia kwa mapafu, kwa hiyo ule vizuri ule vibaya haubagui. Dalili zake ni kutetemeka, kukosa usingizi, kusahau, kuumwa kichwa, kubadilika tabia. Ukiisoma orodha hiyo bila kujua kibanda, utasema huyu ni kijana mwenye msongo wa mawazo anayehitaji mboga za majani. Mwaka 2003 wataalamu waliwapima watu wa Rwamgasa, na katika wachomaji 99 walikuta 25 wana sumu ya zebaki. Ili wapate watu wa kulinganisha nao, waliokuwa mbali na zebaki, walikuja Katoro. Sisi tulikuwa ndio wazima. Tanzania iliridhia Mkataba wa Minamata wa kupunguza zebaki mwaka 2020, na vifaa vya kuchomea vyenye kifuniko vinavyorudisha moshi kuwa zebaki vipo na havina ugumu wowote kuvielewa. Kwenye kibanda kile hakikuwepo hata kimoja.

Kitabu cha Enders hakina sura ya zebaki, na sitarajii kiwe nayo. Ninachokilaumu ni kingine, na lawama hii naigawana naye sawa kwa sawa. Kinakufundisha kutazama ndani. Kinafanya hivyo vizuri sana, kwa mapenzi, kwa michoro ya kuchekesha, hadi ukipata tatizo unakimbilia ndani ya mwili wa mtu kabla hujauliza godoro lake liko wapi. Nilijua jina la bakteria wa panya wa Ireland kabla sijajua ndugu yangu analala chumba gani.

Nilifikiria pia Wahadzabe, ambao hawako mbali sana na sisi kwa upande wa mashariki, kule Ziwa Eyasi. Wao wamechunguzwa tumbo na wamechunguzwa usingizi. Bakteria wao ni wa aina nyingi kuliko wa Waitaliano waliolinganishwa nao mwaka 2014, na habari hiyo imeuza vidonge vingi. Ya usingizi inasimuliwa mara chache: mwaka 2017 ilichapishwa kwamba watu wazima 33 walivalishwa vifaa vya kupima kwa siku 20, na katika usiku wote huo ni dakika 18 tu ambazo wote walikuwa wamelala kwa pamoja. Wakati wote mwingine kulikuwa na mtu macho, na hawakuliona hilo kuwa ugonjwa. Wanaokesha kambini kwao na wanaokesha kwenye karasha wanafanana kwa hesabu ya saa. Kesha ya kwanza iko kwenye hewa safi, watu wamelala kandokando na moto.

Nimempa mama kitabu. Hasomi Kiingereza, anaangalia michoro, na ule wa chooni ameuonyesha kwa wateja wake karibu wote. Wengine wanacheka hadi wanaacha kula. Kama mtu ananiuliza kinafaa kusomwa, nasema ndiyo, kwa sehemu ya kwanza bila masharti, kwa sehemu ya pili ukiwa umeshauliza maswali mengine kwanza.

Ninapoandika haya ni saa nne na robo asubuhi. Mdogo wangu amehamia chumba cha mama. Dirisha limezibwa kwa khanga mbili na misumari. Bado mikono inatetemeka, na tarehe ya kipimo cha mkojo Mwanza ni Alhamisi ijayo. Nauli imetoka kwenye mauzo ya mchana. Nje mama amewafukuza watoto wa jirani waliokuwa wanapiga makopo, amezima redio yake ya taarabu, na anachambua dagaa kimyakimya, mmojammoja, kama anayeogopa hata dagaa wasimwamshe.